Kusahihisha Kiolezo Kabla ya Kukata Nguo: Mashauri kwa Washonaji wa Griftu na Kwingineko

Griftu ni mji mdogo wa Wajir Magharibi, katika nchi kavu ya kaskazini mashariki ya Kenya, ambako watu wengi hutegemea ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kitambaa husafiri mbali kabla ya kufika katika maduka ya huko, na mara nyingi bei yake hutoka katika mbuzi au kondoo aliyeuzwa sokoni. Basi mita tatu za kitambaa zikiharibiwa kwa mkasi, hasara yake ni sawa na mnyama aliyepotea malishoni. Mzazi aliyetoa fedha za sare ya shule hana nyingine za kununulia kitambaa cha pili, na mshonaji naye hupoteza jina jema kwa jirani zake.

Watu wengi hudhani kwamba nguo huharibikia kwenye cherehani. Ukweli ni kwamba nguo nyingi huwa zimekwisha kuharibika kabla ya uzi kutiwa katika sindano, kwa kuwa kosa lilikuwamo tangu mwanzo katika kiolezo. Kiolezo ni karatasi iliyokatwa kwa umbo la kila kipande cha nguo: kifua, mgongo, mkono, kola na vinginevyo. Kosa la karatasi hurekebishwa kwa kalamu na gundi, lakini kitambaa kilichokatwa hakirudi. Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu, na hapana mahali ambapo neno hilo hujulikana upesi kama mezani pa fundi wa nguo.

Desturi ya kutumia violezo vya karatasi vyenye saizi mbalimbali ilienea duniani tangu mwaka 1863, wakati Ebenezer Butterick, fundi wa nguo wa Marekani, alipoanza kuviuza. Miaka 12 kabla yake, mwaka 1851, Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake, na jina lake likaja kujulikana katika baraza za maduka ya Afrika Mashariki. Katika Kenya, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, na ushonaji ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyofundishwa katika vikundi vyake. Lakini maarifa ya kupima yalikuwapo kwa wanawake wa nchi kavu kabla ya hayo yote. Mwanamke wa Kisomali anayetengeneza mikeka ya aqal, yaani nyumba ya kuhamishika inayopakiwa juu ya ngamia, anajua vema kwamba mkeka uliopungua kidogo huacha nafasi ya kupita mvua na upepo. Anayetaka kushona nguo na atumie uangalifu uo huo.

KUPIMA KARATASI YENYEWE

Jambo la kwanza ni kujua kipimo kilichotumika. Utepe wa kupimia huwa na inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na fundi mwenye haraka huweza kusoma upande usiopasa. Inchi 1 ni sawa na sentimita 2.54. Violezo vingi vya Marekani huandikwa kwa inchi, na vile vya Ulaya huandikwa kwa sentimita. Mshonaji achague kipimo kimoja, akiandike juu ya kila kipande cha karatasi, wala asichanganye viwili katika nguo moja.

Siku hizi violezo vingi hupatikana kwa simu, kisha huchapishwa katika duka la kompyuta na karatasi zake zikaunganishwa kwa gundi. Hapo pana hatari isiyoonekana kwa macho. Mara nyingi mashine hupunguza picha ili iingie yote katika karatasi. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa violezo huchora mraba mdogo wa majaribio, na mshonaji anapaswa kuupima kabla ya jambo lolote jingine. Ikiwa mraba umeandikwa kuwa ni sentimita 10, na utepe unaonyesha 9.4, basi nguo nzima imepungua kwa kiasi hicho. Blauzi iliyokusudiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 76 itakuwa na 71.4 tu. Dawa yake ni kuchapisha upya kwa ukubwa kamili, yaani asilimia 100. Kuongeza kidogo kidogo pembeni hakufai, kwa maana shingo, mabega na mikono navyo vimepungua.

NAFASI YA MSHONO

Nafasi ya mshono ni ile sehemu ya kitambaa inayobaki ndani ya nguo, nje ya mstari wa kushonea. Kuisahau ni kosa linaloharibu nguo nyingi kuliko makosa mengine, na sababu yake ni kwamba violezo havifanani. Violezo vingi vinavyouzwa katika bahasha huwa na nafasi hiyo tayari, nayo aghalabu ni sentimita 1.5. Violezo vya jarida la Burda la Ujerumani, lililoanza kutolewa mwaka 1950, vimezoeleka kutolewa bila nafasi ya mshono, na msomaji hutakiwa kuiongeza mwenyewe. Mtu aliyezoea aina moja akichukua ya pili bila kusoma maelezo, nguo yake itabana au itapwaya.

Basi kila karatasi na iandikwe kwa maneno yaliyo wazi: "Mshono umo" au "Mshono haumo". Ikiwa haumo, mshonaji achore mstari wa pili kuzunguka kipande, sentimita 1.5 kwa mishono ya ubavuni na mabegani, na sentimita 1 kwa shingo na kola. Kwa upindo wa chini wa gauni aongeze sentimita 3 au zaidi. Mtoto wa shule hukua upesi, na upindo wa sentimita 6 huwezesha gauni lake kuteremshwa mwaka unaofuata badala ya kununuliwa jingine.

ROBO YA KIFUA NA UPANDE WA UKUNJO

Chukuliwe mfano wa blauzi ya msichana ambaye kifua chake ni sentimita 66. Nguo haiwezi kulingana kabisa na mwili, kwa sababu mvaaji anahitaji kupumua, kuinama na kuinua mikono. Huongezwa sentimita 10 kwa mzunguko mzima, zikawa 76. Kwa kuwa kifua na mgongo hukatwa kwa nusu juu ya kitambaa kilichokunjwa, jumla hiyo hugawanywa kwa 4, na kila robo ikawa sentimita 19. Kisha huongezwa 1.5 za mshono wa ubavuni, na upana wa karatasi ukawa 20.5.

Makosa mawili hutokea mahali hapa. La kwanza ni kuongeza zile sentimita 10 katika kila robo badala ya kuziongeza mara moja tu, na hapo nguo huzidi kwa sentimita 30. La pili ni kuongeza nafasi ya mshono katika upande wa ukunjo, mahali ambapo hapana mshono wowote. Sentimita 1.5 zikiongezwa hapo, kitambaa kinapofunguliwa zimekuwa 3 kwa kifua na 3 kwa mgongo, na blauzi inazidi kwa sentimita 6. Upande wa ukunjo na uandikwe "UKUNJO" kwa herufi kubwa, na ukingo wake ulazwe sawasawa juu ya kitambaa palipokunjwa.

MISTARI ITAKAYOKUTANA

Kiolezo kinaweza kuwa na makosa hata kama kimechapishwa na kampuni kubwa, na mara kwa mara kampuni hutoa masahihisho baada ya kukiuza. Mshonaji hana haja ya kungoja masahihisho hayo. Yapo majaribio rahisi yanayofichua kosa: kila mistari miwili itakayoshonwa pamoja na ipimwe, pasipo kuhesabu nafasi ya mshono. Ubavu wa kifua uwe sawa na ubavu wa mgongo. Bega la mbele lilingane na bega la nyuma, isipokuwa kama maelezo yanataka tofauti ndogo.

Mkono una kanuni yake. Mshonaji apime tao la kwapa katika kifua na katika mgongo, ajumlishe, kisha apime tao la juu la mkono. Ikiwa kwapa la mbele ni sentimita 20 na la nyuma ni 21, jumla ni 41. Mkono wa blauzi inayokaa mwilini utafaa ukiwa na 42 hadi 44, kwa kuwa ziada hiyo ndogo huupa mkono nafasi ya kuzunguka bega. Katika shati pana, 41 au 42 zinatosha. Mkono wenye 48 utajikunja ovyo begani usipokusudiwa kuwa na marinda, na wenye 39 hautafika. Kosa namna hiyo linapoonekana juu ya karatasi, tao huchorwa upya kwa dakika chache. Likionekana baada ya kukata, mikono yote miwili imekwisha haribika.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mikono ni ya kulia na ya kushoto. Anayekata mkono mmoja mmoja juu ya kitambaa kilichofunguliwa ageuze karatasi kwa mkono wa pili, asije akapata mikono miwili ya upande mmoja. Kwa kitambaa chenye michoro inayotazama juu, vipande vyote vilazwe vikielekea upande mmoja, ijapokuwa kwa kufanya hivyo kitambaa zaidi kitahitajika.

UWAZI WA SHINGO NA WA HIJABU

Ukingo wa nje ukiongezewa nafasi ya mshono, mkasi hupita mbali zaidi na kipande. Katika uwazi, kama shingo au mahali pa uso katika hijabu ya mwanafunzi, kanuni hugeuka: mkasi hupita ndani ya mstari wa kushonea, na tundu linalokatwa huwa dogo kuliko litakavyokuwa mwishoni.

Mfano wake ni hijabu inayohitaji uwazi wa uso wenye mzunguko wa sentimita 54. Mzunguko hugawanywa kwa 6.28 ili kupata umbali kutoka katikati hadi ukingo, nao ni sentimita 8.6. Nafasi ya mshono ikiwa sentimita 1, tundu likatwe kwa umbali wa 7.6. Fundi akikata kwenye 8.6 kisha akashona sentimita 1 nje yake, uwazi utafika sentimita 60, na hijabu itateleza kichwani siku nzima. Kuongeza tundu ni kazi ya mara moja, lakini kulipunguza hakuwezekani ila kwa kiraka au marinda. Kwa hiyo tundu lianzwe dogo, lijaribiwe, kisha lipanuliwe.

Shingo ya gauni ina jambo jingine la kuangaliwa. Wanaoanza kazi hukata shingo ya mbele na ya nyuma kwa kina kimoja, na nguo huvutika kuelekea mgongoni. Shingo ya nyuma hutosha kwa kina cha sentimita 2 au 3, na kina kikubwa huwekwa mbele.

Dirac, gauni pana na jepesi la wanawake wa Kisomali, huonekana kuwa nguo isiyohitaji kiolezo, kwa kuwa ni kitambaa kilichokunjwa mabegani na kushonwa ubavuni. Hata hivyo hesabu yake ya urefu hukosewa mara nyingi. Ikiwa urefu kutoka begani hadi chini ni sentimita 140, kitambaa kinapasa kuwa 280, pamoja na pindo mbili. Kwa upindo wa sentimita 3 kila upande, jumla ni 286. Anayenunua mita mbili na nusu atakuwa amenunua gauni fupi.

KITAMBAA KINA NJIA YAKE

Nyuzi za mtande hukimbia kwa urefu wa kitambaa, sambamba na ukingo wake, na nyuzi za mshindio hupita kwa upana. Mstari wenye mishale juu ya kiolezo huonyesha njia ya mtande, na inapasa ulazwe sambamba na ukingo. Mshonaji apime umbali kutoka ukingoni hadi kila ncha ya mstari huo, na vipimo viwili viwe sawa. Kipande kilicholazwa hanamu, yaani mshazari, kwa kusudi la kuokoa kitambaa, kitanyooka upande mmoja, na gauni litapinda baada ya kufuliwa.

Vitambaa vya pamba huweza kurudi vinapoingia majini. Jaribio lake ni jepesi: mraba wa sentimita 50 kwa 50 uwekwe alama kwa uzi juu ya kitambaa, kifuliwe, kikaushwe, kisha upimwe tena. Ukiwa sentimita 48 kwa urefu, kitambaa kimerudi kwa asilimia 4, na gauni la sentimita 100 lingekuwa 96 baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Njia iliyo salama ni kuloweka kitambaa chote, kukianika na kukipiga pasi kabla ya kukikata.

Msichana aliye mrefu naye hasaidiwi kwa kuongezewa upindo wa chini peke yake, kwa sababu kiuno cha gauni hubaki juu ya kiuno chake. Kiolezo kikatwe kati ya kwapa na kiuno, sehemu mbili ziachanishwe kwa kiasi kinachotakiwa, na karatasi nyingine igundishwe katikati. Kisha mistari ya ubavuni ichorwe upya ili isiwe na kona.

MFARISHI WA VIRAKA

Vipande vidogo vinavyobaki baada ya sare na magauni huweza kushonwa kuwa mfarishi, na kati ya tabaka mbili hutiwa blanketi kuukuu au pamba. Kazi hii hutumia mabaki, lakini hesabu yake ni kali kuliko ya gauni, kwa sababu kosa dogo hurudiwa katika kila kiraka.

Mfarishi wenye viraka 12 kwa safu, kila kiraka kikiwa sentimita 10 baada ya kushonwa, utakuwa na upana wa 120. Mshono ukiwa sentimita 1, kila kiraka kikatwe 12 kwa 12, maana sentimita 1 hupotea kila upande. Anayekata 10 kwa 10 atapata viraka vya sentimita 8, na mfarishi wake utakuwa 96, pungufu kwa sentimita 24. Hata aliyekata sawasawa, akishona kwa sentimita 1.2 badala ya 1, safu yake itafika 115 tu. Safu nyingine ikishonwa kwa uangalifu ikafika 120, pembe za viraka hazitakutana. Basi mstari wa mshono uwekwe alama kwenye bamba la cherehani kwa kipande cha gundi ya karatasi, na safu ya kwanza ipimwe kabla ya kushona ya pili. Kiolezo cha kiraka kikatwe katika ubao mwembamba au bati, kwa kuwa karatasi huliwa na mkasi kidogo kidogo, na kiraka cha hamsini hakilingani na cha kwanza.

SINDANO, VUMBI NA MAJARIBIO

Kitambaa chepesi cha dirac hutaka sindano ya namba 9 au 11. Kitambaa cha sare hutaka namba 14. Na turubai hutaka namba 16. Sindano butu huvuta nyuzi, na fundi akadhani kiolezo ndicho kibaya. Kitambaa kinachoteleza kilazwe juu ya karatasi nyembamba, kishonwe pamoja nayo, kisha karatasi ichanwe. Katika nchi yenye vumbi kama Wajir, cherehani ifunikwe kila jioni, isafishwe kwa burashi chini ya meno yanayosukuma kitambaa, na itiwe mafuta yake maalumu. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa sababu hushika vumbi na kugandisha vyuma.

Nguo ya mtindo mpya ijaribiwe kwanza kwa shuka kuukuu. Vipande vipigwe bandi kwa mkono, yaani vishikizwe kwa mishono mirefu ya kufumuliwa, kisha mvaaji avae, akae, ainue mikono na ainame. Kila badiliko linalotakiwa lirudishwe kwenye karatasi palepale kwa kalamu ya rangi nyingine, pamoja na tarehe. Badiliko lililofanywa katika nguo peke yake husahauliwa, na kosa lilelile huja tena katika nguo ya pili na ya tatu.

Kiolezo kilichosahihishwa kwa njia hii ni mali ya fundi. Hufaa kukihamisha juu ya katoni ngumu, kama zile za tambi na sabuni zinazotupwa na wenye maduka, kutoboa tundu pembeni, kuandika saizi na tarehe ya kusahihishwa, na kukitundika ukutani mbali na mchwa. Fundi mwenye seti ya katoni za sare, kutoka mtoto wa darasa la kwanza hadi wa mwisho, hukata nguo kumi kwa muda ambao mwingine hukata mbili, tena bila kupoteza kitambaa. Vikundi vya wanawake navyo vyaweza kuwa na seti moja kwa wote, mmoja akiwekwa kuitunza na kuandika masahihisho, ili kosa lililogunduliwa na mmoja lisiwagharimu wenziwe. Na mzazi aliyeuza mbuzi wake apate sare itakayomfaa mtoto siku ya kwanza ya shule.